Jina Langu Lilitoka Chunguni

Bibi yangu, mama yake mama, hajawahi kuniita kwa sauti ya chini. Amekulia ufukweni mwa ziwa, ambako mtu huita mwenzake aliye mtumbwini, na sauti ile hawezi kuipunguza hata akiwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo asubuhi ile aliposhuka kwenye bajaji mbele ya duka ninakoshonea, pale Kyela mjini, akajitwika chungu chake na kuanza kunitafuta kwa macho, mtaa mzima ulijua anamtafuta nani.

"Gwandeko! We Gwandeko!"

Nilikuwa nimeinamia cherehani. Kwenye benchi walikaa wateja wawili wakisubiri magauni yao, na mlangoni alisimama mwenye duka, mzee ambaye sote tunamwita Alhaji, muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka Kilwa akaja kufungua biashara huku kwetu. Kwa miaka sita nilikuwa nimeshona kwenye kibaraza chake, na si yeye wala mteja yeyote aliyewahi kulisikia jina lile. Wote walinijua kwa jina la ubatizo, jina zuri la kwenye Biblia, ambalo darasani kwetu tulikuwa nalo wasichana watatu. Nilijikausha, nikaendelea kukanyaga cherehani kana kwamba anaitwa mtu wa duka la pili.

Bibi akaja hadi mbele yangu, akatua chungu.

"Umekuwa kiziwi? Nimekuita mara ngapi?"

"Nimesikia, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe ulisikia ukanyamaza. Haya, ndaga fijo," akasema, akinishukuru kwa Kinyakyusa, shukrani yenye pilipili ndani yake.

Alhaji alikuwa anacheka taratibu. "Fundi, kumbe una jina jingine? Gwa... nani?"

Nilitaka kusema ni utani wa nyumbani. Bibi akaniwahi. "Gwandeko. Indeko ni chungu. Gwandeko, maana yake ni wa chungu, mtoto wa chungu. Huyu tulimlea chunguni kabla hajatosha kulelewa mkononi."

Wateja wote wawili wakanigeukia wakanitazama kuanzia kichwani, kama watu wanaotafuta ufa. Bibi akajipenyeza katikati yao kwenye benchi, akawasimulia yote, nami nikaharibu mshono wa bega ambao baadaye nilikaa robo saa nikiufumua.

Habari aliyowasimulia ndiyo niliyoisikia tangu utotoni. Mama aliolewa Ngonga, kwenye mashamba ya mpunga. Mimba yangu ilipofika miezi saba, bibi alikuja kumwona, akamletea chungu kikubwa kipya cha kuwekea maji. Akiwa huko mvua za masika zikamwagika mfululizo, mto ukavunja kingo, na maji yakafunika barabara. Katika siku hizo mama akashikwa na uchungu. Zahanati haikufikika kwa mguu wala kwa baiskeli. Nikazaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi zangu wawili, huyu mfinyanzi na yule wa Ngonga, mama yake baba. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba baba alipoonyeshwa, alitoka nje bila kuuliza ni wa kike au wa kiume.

Mama hakuwa na nguvu ya kunikumbatia mchana kutwa. Kile chungu kipya kikapashwa joto kando ya moto, kikatandikwa pumba za mpunga za vuguvugu, juu yake khanga kuukuu zilizofuliwa na kukaushwa moshini, nami nikalazwa ndani. Mdomo wa chungu ulifunikwa kwa kitambaa chepesi ili nipate hewa. Mama akipata nguvu alinitoa akaniweka kifuani. Akichoka, chungu kilinipokea. Pumba zikipoa, zilibadilishwa. Maziwa nilidondoshewa kwa pamba, tone kwa tone. Wiki ya tatu maji yalipopungua, nilipelekwa zahanati, na muuguzi aliyenipima akauliza mtoto huyu alikuwa wapi siku zote hizo. "Chunguni," bibi akajibu, na siku hiyohiyo akanipa jina. Yeye ni Mkisi, wa kabila la wafinyanzi wa kando ya ziwa, na ana lugha yake, lakini jina alilitoa kwa Kinyakyusa. "Ili upande wa baba yako wasije wakasema hawakulielewa," alikuwa akituambia.

Nyumbani hilo lilinitosha. Shuleni jina likanigeuka. Kiswahili kina namna yake ya kumkomoa mtu anayeitwa chungu, kwa sababu neno hilohilo ni la kupikia na hilohilo ni la kitu kisicho na utamu. Watoto walilitumia kwa maana zote mbili. Nikikasirika niliambiwa chungu kimekuwa chungu. Nikijikwaa, darasa zima lilishika vichwa: "Jamani, kimevunjika!" Zaidi ya hayo, hapakuwa na mwingine. Wenzangu waliokuwa na majina ya Kinyakyusa walikuwa na yale ambayo kila kanisa lina matano: amebarikiwa, ametupa, tumshukuru. La kwangu halikuwa na Mungu ndani yake, lilikuwa na chombo cha jikoni. Nilipomaliza darasa la saba na kwenda Mbeya kujifunza ushonaji, niliandikisha jina la ubatizo, na lile jingine nikaliacha Kyela, kwa watu wachache waliokuwa na haki ya kuniita watakavyo.

Na palikuwa na jambo jingine lililonifanya niliache bila majuto. Bibi wa Ngonga hakuniita kwa jina lile hata mara moja maishani mwake. Kwake nilikuwa "mwanangu" tu. Shangazi zangu walisema wazi kwamba hakulipenda, kwamba aliona aibu mjukuu wake kupewa jina la vitu wanavyouza Wakisi sokoni. Nilikua nikiamini hivyo. Alipofariki nilimlilia, lakini ndani ya kilio kulikuwa na kinyongo kidogo ambacho sikumwambia mtu.

Basi tangu asubuhi ile ya bibi kushuka kwenye bajaji, Alhaji aliacha kuniita fundi tu. Akawa ananiita Fundi Gwandeko, polepole, kwa ulimi wake wa Kipwani ambao haukuzoea silabi zile. Mwanzoni niliudhika. Nilimwambia, "Alhaji, jina langu unalijua." Akanijibu, "Hilo jingine kila mtu analo. Hili nimeulizia wateja wangu wa Makwale hadi Ndandalo, hakuna aliye nalo. Ukiwa na kitambaa ambacho hakipo duka jingine, unakificha chini ya meza?" Baada ya miezi michache niligundua kwamba akiniita nageuka bila kufikiri.

Mwaka uliofuata, mke wa mwanawe mkubwa alijifungua kabla ya miezi kutimia. Duka lilifungwa siku mbili, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata wakati wa mafuriko. Siku ya tisa Alhaji alikuja mapema, hakufungua mlango. Akaketi kwenye benchi la wateja, akavua kofia yake, akaiweka magotini.

"Fundi Gwandeko, leo sikuja kama mwenye duka. Nimekuja kuomba."

Nikaacha kazi.

"Mjukuu wangu yuko hospitali. Ni wa kike. Kilo moja na robo. Mama yake anambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha wauguzi, na akichoka bibi yake anampokea. Kadi yake imeandikwa 'Mtoto wa', halafu jina la mama. Kila tukimwambia mama amchagulie jina, anakataa. Anasema hawezi kumpa jina mtu ambaye hajui kama atabaki. Juzi nilimsimulia habari yako. Akaniuliza, 'Huyo fundi ndiye yule aliyenishonea gauni la harusi?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Mrefu vile?' Nikamwambia ndiye. Akasema, basi nataka jina hilo."

Nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Lakini Alhaji, ninyi mna majina yenu mazuri."

"Tunayo, na Mungu akijaalia atapewa mojawapo siku ya akika. Lakini hili mama yake analitaka sasa, aweze kumwita. Huwezi kumbembeleza mtu asiye na jina."

"Sikulitoa mimi jina hili," nikamwambia. "Aliyelitoa yupo. Ngoja nikamuulize."

Ningeweza kusema ndiyo palepale, na naamini bibi asingenilaumu. Lakini mtu anapokuja kukuomba kitu ulichokificha miaka yote kama kasoro, unataka kwenda kumwambia aliyekupa. Kesho yake nilifunika cherehani nikaenda Matema, kisha nikapanda mtumbwi hadi kijijini kwao, chini ya milima ya Livingstone, ambako wanawake karibu wote ni wafinyanzi.

Nilimkuta bibi uani, amenyoosha miguu, anasugua chungu kibichi kwa jiwe laini la ziwani mpaka king'ae. Ana zaidi ya miaka themanini na bado anakataa kusaidiwa hatua hiyo. Anasema mikono ya vijana ina haraka. Nilimsalimia, nikakaa chini, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kuacha kusugua. Nilipofika mahali pa mama aliyekataa kumpa mtoto jina, mkono ukasimama.

"Ni watu wa msikiti?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wanalitaka kama lilivyo? Hawataki kulibadilisha?"

"Kama lilivyo."

Akaweka jiwe chini, akajifuta udongo kwenye kitenge. "Kabla hujawapa, nikuambie kitu, maana usije ukawapa nusu. Jina nilitoa mimi. Chungu nilifinyanga mimi. Lakini wazo la kukutia chunguni halikuwa langu. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kona nalia."

"Lilikuwa la nani?"

"La mama yake baba yako."

Nadhani nilimwomba arudie.

"Ndiye. Alikuwa na kawaida ya kulea vifaranga vilivyofiwa na mama yao. Alivitia kwenye chungu chenye pumba vuguvugu, na vilipona. Ulipozaliwa alikutazama mara moja, akaamka, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye chungu changu, akakipangusa, akakisogeza motoni. Nikamwambia, 'Unataka kufanya nini na chungu changu?' Akasema, 'Nyamaza, nipe khanga.' Siku zote zile ni yeye aliyejua pumba zimepoa. Alitia mkono kila mara. Mimi nilikuwa nafanya alichoniambia."

"Mbona hakuwahi kuniita kwa jina hilo? Mbona shangazi walisema analionea aibu?"

"Shangazi zako walikuwa hawajazaliwa wakati wa yule wa kwanza. Kabla ya baba yako, alizaa mtoto mwingine, mdogo kama wewe. Akawaambia wakwe zake, nipeni chungu nimpashe joto. Wakamcheka. Wakasema mtoto hawekwi chunguni kama mboga. Alikuwa mke mgeni, akanyamaza. Mtoto hakumaliza wiki. Wewe ulipozaliwa hakumwomba mtu ruhusa. Nilipokupa jina alifurahi, alinishika mikono yote miwili. Lakini aliniambia, 'Mwenzangu, mimi sitaweza kulitamka. Nikilitamka namwona yule mwingine.' Akaniomba nisiwaambie watu, na sikuwaambia."

"Hata baada ya yeye kufa, bibi?"

"Hakuna aliyeniuliza. Mliokuja kuniuliza mliuliza habari za chungu tu."

Nilikumbuka chumba cha bibi wa Ngonga. Chungu kile kilikuwa kandoni mwa kitanda chake hadi siku tulipomwondolea vitu, kikiwa na mbegu za mpunga ndani. Sisi tulidhani alikiweka hapo kwa sababu panya hawakiwezi. Nililia pale uani, mbele ya vyungu vibichi, na bibi aliniacha nilie, akaendelea na kazi yake. Kilio kile hakikuwa cha huzuni peke yake. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini nikidhani jina langu limependwa na upande mmoja na kudharauliwa na mwingine, kumbe wanawake wawili waliokuwa hawaelewani lugha vizuri walilitengeneza pamoja, mmoja kwa mikono na mwingine kwa akili, katikati ya maji.

Nilipoinuka kuondoka bibi alinipa majibu yangu. "Kawape. Waambie jina halinunuliwi wala halikopwi, wakilichukua ni lao. Ila wakiulizwa limetoka wapi, wataje bibi wawili. Si mmoja."

Mtoto alianza kuitwa Gwandeko siku ya kumi na moja, wodini, kabla hajaruhusiwa kutoka. Alhaji aliniambia kwamba mama yake alimwita mara ya kwanza kwa kunong'ona, halafu akatazama pembeni kama aliyefanya kosa, halafu akamwita tena kwa sauti. Wauguzi wakataka kujua maana yake. Wakaelezwa. Kina mama wengine waliokuwa wamebeba watoto njiti wao vifuani wakasikia.

Alitoka hospitali akiwa na kilo mbili kasoro kidogo. Akika ilifanyika baada ya hapo, nyumbani kwa Alhaji, nami nilialikwa, nikavaa gauni nililojishonea kwa kazi hiyo na mtandio juu. Mtoto alipewa jina la Kiislamu, la mama yake Alhaji. Kisha Alhaji akasema kwamba mtoto ana jina la pili pia. Shehe, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, akauliza maana yake, kwa sababu jina la mtoto lazima liwe na maana njema. Alhaji akamwelekeza kwangu.

"Mama fundi atatuambia. Ni jina lake."

Sijawahi kuwa mtu wa kuzungumza mbele ya watu. Kanisani kwetu hata kusoma matangazo nakwepa. Lakini nilisimama. Nikasema jina langu. Nikasema Ngonga, mafuriko, zahanati isiyofikika. Nikamtaja bibi mfinyanzi aliyeleta chungu, na bibi aliyekisogeza motoni. Nikamtaja na yule mtoto wa kwanza ambaye hakupewa nafasi hiyo. Nilipomaliza, shehe aliinamisha kichwa muda kidogo.

"Kwa hiyo maana yake ni aliyehifadhiwa," akasema.

"Ndiyo, shehe. Wa chungu, kwa maana ya aliyehifadhiwa."

"Hilo ni jina jema."

Mama wa mtoto alikuja akaniwekea mwanawe mikononi. Alikuwa mwepesi bado, ana kichwa cha joto, amelala, hana habari. Nimepewa sifa mara nyingi kwa mishono yangu, na sifa nazipenda. Lakini sikumbuki siku nyingine niliyosimama wima kama siku ile.

Niliporudi kazini nilimwita fundi wa kuchora mabango akafuta kibao changu na kuandika upya, Fundi Gwandeko. Alikosea mara ya kwanza, akaweka k mbili, nikamfanya arudie. Kanisani nilimwambia katibu aongeze jina hilo kwenye orodha ya wanakwaya, na aliyeimba karibu nami akauliza kama nimeolewa upya.

Sasa Gwandeko wa Alhaji ana miaka mitatu na hataki kuvaa viatu. Na si wawili tu tena. Wa tatu ni wa Ndandalo, wa kiume, kwa sababu jina hili halichagui. Mama yake alilala kitanda cha pili wodini siku zile. Wa nne nilimsikia akiitwa kwenye kliniki nilipompeleka mtoto wa dada yangu, nikasimama kuitikia, kumbe anaitwa mtu mwenye miezi mitano. Huyo familia yake hawanijui. Walilisikia kwa muuguzi. Bibi nimempelekea habari ya kila mmoja, na kila mara ananiuliza swali moja: wanataja wangapi? Namjibu, wawili, bibi. Wa kliniki niliwauliza mwenyewe, wakasema, "Tumeambiwa kulikuwa na bibi wawili, Mnyakyusa na Mkisi." Nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja kutoka Makwale alisimama mbele ya kibaraza, mtoto mgongoni, akasoma kibao kwa kufuatisha kidole hewani. Akaniuliza kama huyo aliyeandikwa pale ni mimi. Nikamwambia ni mimi.

"Huyu wangu ni Gwandeko pia," akasema, akimgeuza mtoto mbele. "Alizaliwa na miezi saba. Nimekuja wajina wake amshonee gauni. Mwezi ujao anatimiza mwaka."

Nikamkalisha mtoto kwenye meza ya kukatia. Alikuwa mzito, mashavu tele, analeta fujo na pini zangu. Nikamwuliza mama anataka gauni la namna gani.

"Lolote," akasema. "Ila uliachie nafasi kubwa ya kukulia. Huyu anakula."

Nikachagua kitambaa cha manjano, nikaanza kupima.